Fulana za Novemba hazimvushi mtu bahari

Mhariri,

Kila mwaka, kuanzia Novemba 25 hadi Disemba 10, Lamu hupata fulana mpya, mabango na hotuba za kupinga dhuluma za kijinsia. Hatuna ugomvi na hotuba. Lakini mwanamke wa visiwa vya Ndau au Kiwayu aliyevunjwa mkono saa nne za usiku anajua vyema kwamba kupigwa ni kosa. Anachokosa ni chombo, nauli, mtu wa kufuatana naye na nyumba ya kulala akishafika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kudhulumiwa kimapenzi. Basi jambo hili liko katika kila mtaa, na kila mtaa unaweza kujipanga kabla halijatokea. Tunaandika kueleza kujipanga huko kukoje, kwa sababu msaada mwingi wenye nia njema huharibikia njiani, kati ya mlango wa nyumba na mlango wa hospitali.

Tuanze na bahari. Vyombo vya abiria vya kisiwa cha Pate hufuata maji. Mkondo wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakipwa, na usiku nahodha mwenye akili hakubali kuondoka hivi hivi. Mtu akisubiri chombo cha asubuhi, kisha maji yakamkatalia, nusu siku nzima imeshapotea. Kwa aliyebakwa, nusu siku si kitu kidogo: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zile zinazoitwa PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Humezwa kwa siku 28 mfululizo, hata kama tumbo linachafuka. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina muda wa saa 120, nayo pia ni bora imezwe mapema.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kijiji kinaweza kufanya ni mfuko wa nauli. Nyumba 30 zikitoa shilingi 50 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 18,000. Fedha hizo hazijengi kituo, ila zinanunua petroli ya safari za dharura. Wekeni makubaliano na manahodha wawili, si mmoja, maana mmoja atakuwa amekwenda kuvua siku mtakayomhitaji. Nahodha aambiwe tu kwamba kuna mgonjwa. Jina na sababu havimhusu. Mwenye kushika fedha awe na ruhusa ya kuzitoa papo hapo bila kuitisha kikao. Tumeona mifuko mizuri ikifa kwa sharti la sahihi tatu, na mmoja wa wenye sahihi ni binamu wa mume.

Kabla ya kung'oa nanga, pigeni simu hospitali. Zahanati ndogo mara nyingi haina PEP, au haina mtu wa kujaza fomu usiku huo. Kutoka Kizingitini hadi Faza ni nchi kavu; pikipiki inatosha, na hakuna haja ya kumvusha majeruhi bahari mpaka Lamu mjini ikiwa Hospitali ya Faza ina dawa na afisa wa kliniki yupo. Wa Hindi atatazama Mokowe na kivuko cha kuingia mjini, wa Witu atatazama Mpeketoni. Swali ni lile lile kila mahali: dawa zipo sasa hivi, na nani yuko zamu?

Hospitali hutangulia polisi. Hili watu wengi hulipindua, na wakati mwingine hata walioko dirishani hospitalini hulipindua, wakamwambia majeruhi akalete P3 kwanza, ile fomu ya polisi ya kuandikia majeraha. Matibabu hayahitaji P3 wala namba ya OB, kitabu cha polisi cha matukio. Aliyebakwa hatakiwi kulipia matibabu katika hospitali ya umma. Fomu ya PRC, ya uchunguzi wa aliyebakwa, hujazwa hospitalini kwa nakala tatu: moja ya polisi, moja ya mgonjwa, moja inabaki hospitali. Mgonjwa asiondoke bila nakala yake. Na anayemsindikiza amwombe daktari aandike majeraha yalipo, ukubwa wake, rangi yake, na yalitokana na nini kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Ikiandikwa "alianguka" kwa sababu mkwe alikuwa amesimama kando ya kitanda, miezi sita baadaye wakili wa upande wa pili atausoma mstari huo mahakamani kwa sauti ya furaha. Mkwe asubiri nje. Muuguzi akiombwa kwa upole amtoe, humtoa.

Aliyebakwa asioge na asifue, ijapokuwa ndilo jambo ambalo moyo unalitaka kuliko yote. Nguo alizovaa ziwekwe kila moja peke yake ndani ya bahasha ya khaki au karatasi safi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na kwa joto na chumvi ya hewa yetu ukungu huota upesi, ushahidi ukaoza. Nguo ikiwa imelowa, ianikwe kivulini kwanza. Kisha apewe askari, na jina la aliyepokea na tarehe viandikwe. Nguo iliyokaa kabatini kwa shangazi wiki tatu itazusha swali la nani mwingine aliigusa. Majeraha yapigwe picha mara mbili: moja ya mbali inayoonyesha uso na jeraha pamoja, nyingine ya karibu ikiwa na sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Rudieni baada ya siku mbili, kwa sababu alama za damu iliyovilia hukolea baadaye, na katika ngozi nyeusi huenda siku ya kwanza zisionekane kabisa. Palipovimba na panapouma paguswe na daktari, paandikwe.

Kuna dhuluma moja ambayo jamii huidharau kwa kuwa haiachi alama kubwa, nayo ni kukabwa koo. Mtu aliyekabwa anaweza kuongea, kutembea, hata kupika chai, kisha hali yake ikaharibika saa nyingi baadaye kwa uvimbe wa ndani ya koo au kuumia kwa mishipa ya damu. Sauti ya kukwaruza, taabu ya kumeza, vidoadoa vyekundu machoni, kujikojolea au kupoteza fahamu hata kwa dakika moja: hizo ni sababu za kwenda hospitali usiku huo huo. Tena mwanamume aliyewahi kumkaba mkewe ni wa kuogopwa kuliko yule anayepiga makofi tu. Uwezekano wa kuua uko juu zaidi. Msaidizi akisikia neno hilo, asahau mipango ya polepole.

Polisi sasa. Taarifa huandikwa katika kitabu cha OB, na mlalamikaji huondoka na namba yake. Bila namba hiyo, kesho ataambiwa hakuna aliyefika. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015 inampa haki ya kuzungumza na askari wa jinsia yake, na inamtaka askari amweleze hatua zote za kisheria alizo nazo na amsaidie kufika hospitali au mahali pa usalama. Wachache huidai haki hiyo kwa kuwa hawaijui. P3 hutolewa na polisi, hujazwa na daktari kutokana na alichokiona au kumbukumbu za matibabu, kisha hurudishwa polisi. Ndiyo sababu maandishi ya siku ya kwanza ni muhimu: P3 iliyojazwa baada ya wiki tatu bila rekodi ya nyuma huonyesha mtu mzima wa afya.

Sheria hiyo hiyo ya 2015 ina kitu ambacho huku kwetu hakitumiki ipasavyo: amri ya ulinzi. Haihitaji mtu awe amefunguliwa kesi ya jinai. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda hata kabla mlalamikiwa hajasikilizwa, ikiona hatari ni ya karibu. Na unyanyasaji kwa mujibu wa sheria hii si kipigo peke yake. Unaingia ule wa fedha, wa vitisho, wa kumfuatafuata mtu, wa wakwe kuingilia ndoa, na wa kumlazimisha mke kitendo cha ndoa. Hili la mwisho watu hulishangaa, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 haimgusi mume kwa mkewe. Ya 2015 inamgusa, kwa njia hii ya amri.

Kinachoangusha maombi ni maelezo ya jumla jumla. "Ananitesa kila siku" haimsaidii hakimu. Andika tukio la kwanza, la karibuni na lililo baya zaidi, kila moja na tarehe au alama ya wakati (usiku wa kuamkia Idi, wiki ya mashindano ya ngalawa), kilichotumika, nani alisikia, watoto walikuwa wapi. Kisha omba vitu vilivyo wazi: asifike nyumba fulani, asifike shule fulani, asipige simu, atoe matumizi, mimi nikachukue vyeti na cherehani yangu nikiwa na askari. Hakimu hawezi kutoa kisichoombwa. Amri ikishatoka, nakala ifike kituo cha polisi, kwa mwalimu mkuu, na kwa jirani mmoja mwenye kusoma. Kuivunja ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili, lakini askari wa zamu asiyekuwa na nakala atasema hana habari nayo.

Tufike kwenye sulhu, maana ndipo barua kama hii hupata maadui. Hakuna anayedharau sulhu Lamu. Mji huu umeishi kwayo. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inaihimiza, ila inaikataza pale inapokiuka haki za binadamu. Na kosa la ubakaji au unajisi halimalizwi barazani hata wazazi wa pande zote wakikubaliana: kuondoa mashtaka chini ya sheria ya 2006 si uamuzi wa familia, wa chifu wala wa afisa wa kituo. Mzee anayepokea mbuzi na fedha kwa jambo la mtoto anajiweka pabaya yeye mwenyewe.

Kwa mambo ya mke na mume, wazee hutaja aya ya 35 ya Suratun Nisaa. Vyema. Aya inataka waamuzi wawili, mmoja wa ukoo wa mume na mmoja wa ukoo wa mke. Kinachofanyika mara nyingi ni wazee watano wa upande mmoja, mke akiwa ameketi nyuma ya pazia, akiulizwa mbele ya aliyempiga kama amesamehe. Atajibu nini? Aya inazungumzia mfarakano. Mwenye mbavu zilizovunjika ana jambo la hospitali kwanza. Wakitaka kusuluhisha, wasubiri atibiwe, akae mahali pengine, aulizwe peke yake, na anayemsemea awe wa kwao kweli.

Hapo hapo mwanamke huambiwa kwamba akitoka bila idhini ni nashiza, yaani mke muasi, amepoteza nafaqa, haki yake ya matumizi. Au huambiwa kama anataka kuachika arudishe mahari, ajikhului, yaani ajinunulie talaka. Wengi hujikhului wakiuza dhahabu ya mama yao, na kumbe walikuwa na njia nyingine. Kudhuriwa ni sababu inayokubalika ya kuomba faskhi, yaani ndoa ivunjwe, mbele ya Kadhi, na anayefaskhiwa kwa madhara yaliyothibitika hajinunui. Kadhi atataka ushahidi, na ushahidi ni yale makaratasi ya hospitali, namba ya OB na majirani waliosikia. Karatasi moja, kazi mbili. Mahakama ya Kadhi haihukumu kipigo kama jinai, hivyo ya Kadhi na ya hakimu zinaweza kwenda sambamba bila moja kuizuia nyingine; anayesema "chagua moja" hajui au anataka aliyedhulumiwa achoke.

Nyumba ya kupokea ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Katika mji ambao mtu akipiga chafya Mkomani hujibiwa yarhamukallah Langoni, nyumba ya siri yenye anwani moja ya kudumu haidumu siri. Inayofaa zaidi ni nyumba nne au tano za watu wa kawaida, zinazobadilishana, kila moja ikipokea kwa siku chache. Mwenyeji asiwe jamaa wa mume wala asiishi peke yake. Ajulikane na watu wawili tu, wala pasiwe na kundi la WhatsApp: ujumbe mmoja ukisambazwa umekwisha. Mgeni azime kionyesha mahali katika simu yake na atazame kwenye WhatsApp vifaa vilivyounganishwa, kwani mume anaweza kuwa anasoma kila kitu kwenye kompyuta ya ofisini. Abadilishe namba ya siri ya M-Pesa, na atazame kama kuna deni la Fuliza alilochukuliwa kwa laini yake. Anayehifadhi mgeni asimkimu kimya kimya hadi achoke. Chakula kiletwe na wengine kwa zamu, tangu siku ya kwanza, kwa maana mwenyeji akianza kunung'unika siku ya nane, mgeni atarudi kwa mumewe siku ya tisa kwa haya tu.

Jirani asiyeweza kupokea mtu bado ana kazi. Ukisikia kishindo, bisha hodi ukiwa na mwenzako na kisingizio chepesi: mwaomba chumvi, mwauliza kama maji yamefika. Kipigo hukatika mara nyingi kwa kubishiwa tu. Usiseme umesikia, wala usimtaje mke. Nyumba zetu za mawe zina mlango mmoja wa kutokea njiani, kupitia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, kwa hiyo aliye hatarini asikimbilie jikoni penye visu wala msalani pasipo njia, na ghorofani ni mtego isipokuwa pameungana na kwa jirani kwa wikio, lile daraja la juu ya njia. Akae upande wa daka. Watoto wafundishwe nyumba moja tu ya kukimbilia, na wasifundishwe kuamua ugomvi. Kwa jirani huyo huyo panaweza kuwekwa bahasha: nakala ya kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kijitabu cha kliniki, dawa za kila siku, ufunguo wa ziada, nauli kidogo. Vyeti vyenyewe vikae kabatini mpaka siku ya kuondoka. Vikitoweka mapema mume atajua. Na siku ya kuondoka, na majuma machache baada yake, ndiyo hatari zaidi ya zote. Asitangaze, asiage, asikubali kikao cha mwisho cha kuzungumza peke yao.

Wengine hurudi. Hurudi mara mbili, mara nne. Msaidizi anayesema "sasa usije tena kwetu" amemfungia mlango siku atakayouhitaji kwa kufa au kupona. Sababu ya kurudi mara nyingi ni hesabu: kodi, ada, unga. Kwa hiyo mfuko wa nauli uwe na ndugu yake, mfuko wa miezi mitatu, unaolipa kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba na kununua vifaa vya kazi ambayo mwanamke tayari anaijua, ikiwa ni mahamri, viazi karai au ushonaji. Mafunzo mapya ya siku tano hotelini hayajamlipia mtu kodi.

Sheria ya 2015 haibagui: mwanamume anayepigwa, mzee anayenyang'anywa pensheni na mwanawe, mtumishi anayeishi nyumbani kwa mwajiri, wote wanaweza kuomba amri. Kiziwi apatiwe mkalimani asiyekuwa jamaa, kwa kuwa mkalimani akiwa ndiye mdhulumu, taarifa itakayoandikwa ni yake yeye.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Namba 1195 ni ya bure, kwa dhuluma za kijinsia, mchana na usiku. Namba 116 ni ya watoto, bure pia. Polisi ni 999 au 112. Zichapishe kila wiki mahali pasipovutia macho, karibu na nyakati za swala kwa mfano, ili anayezisoma asiulizwe anasoma nini. Na uongeze mstari mmoja chini yake: baada ya kupiga, ifute namba hiyo kwenye simu.

Wasaidizi wa kujitolea,
Langoni, Lamu